Nyundo ya kupanda ukuta wa mawe, na namna ya kuitengeneza



Wengi wananiuliza juu ya ile nyundo niliyoleta ku ateliye. "Ni ya kupiga misumari?" Hapana. "Ni ya kuvunja malakiti?" Hapana vilevile. Ni nyundo ya mutu mwenye kupanda ukuta wa mawe. Wenye kutunga gazeti letu waliniomba niandike maelezo, na nimekubali, kwa sababu mambo mengi ya nyundo ile inafaa yajulikane na kila mutu mwenye kushika nyundo yoyote, hata ya kutengeneza mulango wa kuku.

Kwanza, ukuta wenyewe. Sisi wa Lubumbashi tumezoea mashimo kuliko milima. Kitu kirefu tunachokiona kila asubuhi ni shemini kubwa ya muji, yenye mita 150 na kitu. Lakini katika jimbo letu, ndani ya Parki ya Taifa ya Kundelungu iliyofunguliwa mwaka 1970, maji ya Lofoi yanaanguka mita 340 hivi kwa mara moja. Weka shemini mbili moja juu ya ingine, ungali hujafika juu. Na kule California, Marekani, kuko jiwe moja linaloitwa El Capitan, lenye mita 900 hivi: karibu shemini sita, wima. Wengi hawapandi ukuta wa namna hii kwa siku moja. Mutu analala juu yake, ananing'inia kwa kamba. Tena mikono haitoshi. Anatafuta ufa katika jiwe, anaingiza kisu cha chuma chenye tundu, kinaitwa pitoni, anakipiga nyundo mpaka kikaze, anafungia kamba yake. Halafu mwenzake anayefuata nyuma anakitoa kwa nyundo, ili kitumike tena mbele. Basi siku nzima ni nyundo tu, mamia ya mapigo, na kichwa cha nyundo kikichomoka hapo hakuna mutu wa kukuokotea.

Sasa nani alianza kujitengenezea vyombo hivi kwa mukono? Mufano ninaoupenda zaidi ni wa Kenya. (Si Kenya yetu ya hapa, komine, ni Kenya inchi.) Wakati wa vita ya pili ya dunia Waingereza waliwafunga Waitalia katika kambi namba 354 pale Nanyuki, chini ya Mulima Kenya. Mufungwa mumoja, Felice Benuzzi, aliona ule mulima siku mawingu yalipofunguka, na hakuweza kuusahau. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa munganga, na Vincenzo Barsotti, walianza kujitayarisha kwa siri. Vyombo vya mulima hawana. Njo walichukua nyundo, wakafanya mufuaji wa kambi azigeuze kuwa mashoka ya barafu. Meno ya kufunga chini ya viatu yalitoka katika mabaki ya chuma na waya wa miiba. Kamba zilitoka katika nyavu za vitanda. Ramani? Hawakuwa nayo, walitazama picha ya mulima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo ya chakula! Walitoroka tarehe 24 Januari 1943. Kilele kikubwa, Batian, chenye mita 5199, kiliwashinda. Lakini Benuzzi na Balletto walifika juu ya Lenana, mita 4985, tarehe 6 Februari, wakaacha bendera yao. Kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe kwa miguu yao. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, wakafanya 7 tu, kwa kuwa mukubwa wa kambi alipendezwa na kazi yao.

Hii habari inanikumbusha 1 Samweli sura ya 13, pale Wafilisti walipoondoa wafuaji wote katika Israeli ili watu wasipate vyombo. Walijua walifanya nini.

Kule Marekani habari inafanana. John Salathé, mufuaji aliyezaliwa Uswisi, aliona kwamba pitoni za chuma laini kutoka Ulaya zinajikunja katika jiwe gumu la California. Alifua zake kwa chuma kigumu, na mwaka 1947 yeye na Anton Nelson wakapanda ncha inayoitwa Lost Arrow, siku tano. Watu wa El Capitan, waliofika juu mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1958, walikuwa wametumia katika nyufa pana miguu ya mababula ya zamani iliyookotwa kwenye mafungu ya chuma kibovu. Miguu ya babula! Na kijana Yvon Chouinard, mwaka 1957, alinunua forji ya zamani na fuawe, akajifundisha kufua mwenyewe; pitoni zake za kwanza zilitoka katika kisu cha mashini ya kuvunia. Baadaye kazi yake ikawa kubwa sana, kisha akaona kwamba hizo nyundo na pitoni zinaharibu jiwe lenyewe, nyufa zinapanuka kila mwaka. Tangu 1972 akaanza kuwaambia watu watumie vipande vya alumini vinavyoingizwa kwa vidole tu. Kwa hiyo leo nyundo inabaki kwa zile kuta ambazo bila yake mutu hapiti.

Sasa tuseme nyundo yenyewe. Ina kazi tatu: kupiga, kuvuta, na kusikia.

Ya kupiga munaijua. Kichwa kina uzito wa gramu 500 mpaka 700. Chini ya hapo unachoka kwa kupiga mara nyingi, juu ya hapo unachoka kwa kuibeba. Uso wake ni bapa, na kando zake zimelainishwa kwa tupa, kwa sababu kando kali njo inamenyuka na kuruka.

Ya kuvuta: upande wa pili haukuwa duara wala makucha kama ya seremala. Ni mudomo, mufupi na butu, wa kuchokoa na kusafisha ufa. Tena kichwani munatobolewa tundu la kupitisha pete ya chuma na waya, ili pitoni iliyokaza ivutwe kwa kurusha nyundo kuelekea nje.

Ya kusikia njo ilinishangaza. Pitoni inayoingia muzuri inaimba: kila pigo sauti inapanda juu kidogo. Ikitoa sauti ya kufa, tup, tup, ujue jiwe ni bovu ao ufa ni mupana ndani. Mupandaji anasikiliza kabla hajaweka uzito wake. Hapa kwetu watu wa reli wa zamani walijua jambo hili, walikuwa wanapita wakigonga magurudumu ili wasikie lililopasuka. Na wachimbaji wa chini ya udongo wanagonga jiwe la juu kabla ya kuingia chini yake. Baba yangu mukubwa alifanya kazi ya reli, tulipoanza nyundo ya kwanza, neno lake la kwanza lilikuwa: "Weye, acha kutazama. Sikiliza."

Namna ya kutengeneza. Rahisi kuliko kufua kichwa kipya ni kugeuza cha zamani. Tafuta kichwa cha nyundo ya makanike, kisicho na ufa, chenye upande mumoja wa duara. Usichukue chuma kilichopakwa zinki, moshi wake ukikiunguza ni sumu. Kiweke ndani ya makala yenye mvukuto mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena. Kisha kizike ndani ya majivu mpaka kesho. Kitakuwa laini, na tupa itakikula. Hapo fanya mudomo, na toboa tundu mbali kidogo na jicho la mupini, lisije likapunguza nguvu pale. Kazi ya tupa ni siku mbili tatu. Usikimbie.

Halafu inakuja kazi ya kukigumisha, na hapa njo niliharibu. Nyundo yangu ya kwanza niliitia moto yote nzima, nikaitumbukiza ndani ya maji baridi, nikafurahi: tupa inateleza juu yake kama juu ya chupa! Baba mukubwa hakuwepo. Nilipiga fuawe mara tatu. Pigo la tatu kipande cha uso, kidogo kama punje ya muchele, kikaruka na kuingia ndani ya mukono wangu juu ya kiwiko. Kingali ndani. Kingeweza kuwa jicho. Chuma kigumu sana ni kama kioo, hakina huruma. Kwa hiyo vaeni miwani ya ateliye, hata mutu akiwacheka, na musigonganishe nyundo kwa nyundo, hata kwa muchezo.

Namna ya kweli ni hii. Unatia moto uso tu, santimeta moja na nusu hivi, mpaka uwe chekundu na sumaku ikatae. Unautumbukiza katika mafuta ya moteri yaliyotiwa moto kidogo. (Chombo cha chuma chenye kifuniko, na nje ya nyumba, maana mafuta yanaweza kuwaka.) Sasa uso ni mugumu kupita kiasi. Unausugua na karatasi ya musasa mpaka ung'ae, kisha unaingiza chuma chekundu kinene ndani ya jicho la mupini, unangoja. Moto unatembea polepole kutoka jicho kwenda uso, na rangi zinatembea pamoja nao: njano ya majani makavu, kwanza, kahawia, zambarau, halafu buluu. Kahawia ni gradi 255 hivi, zambarau 280, buluu 300. Kwa nyundo ya kupiga pitoni tunasimamisha pale kahawia inapogeuka zambarau usoni, na jicho lenyewe limekwisha kupita buluu, limekuwa laini, haliwezi kupasuka. Mudomo unafanyiwa vilevile. Rangi zile zinapita upesi; ukiitika simu, umeipoteza, urudilie mwanzo. Mimi ninaona hiyo njo sehemu nzuri kupita zote, ni kama upinde wa mvua mudogo juu ya chuma.

Mupini. Kwetu muti wa mubanga unafaa, ni muzito na mugumu, na wazee wanautumia kwa mashoka na majembe. Nyuzi zake zinyooke toka juu mpaka chini. Urefu ni santimeta 25 mpaka 30. Chini toboa tundu la kamba, na kamba iwe ndefu kiasi cha mukono wote kunyooka juu ya kichwa, kisha ifungwe kwenye mushipi, kwa sababu nyundo inayoanguka kutoka mita mia inaua mutu wa chini. Juu ya mupini unapasua mufuo, unaingiza kabari ya muti mugumu. Jicho la nyundo muzuri ni finyu katikati na pana pande mbili, kwa hiyo kabari inafungua muti kule juu na kichwa hakiwezi kutoka.

Hakiwezi, muti ukiwa mukavu. Nyundo yetu ya pili tuliifunga mwezi wa pili, mvua nyingi, mupini ulikatwa juma moja tu mbele. Ilikaa imara kabisa miezi mitano. Mwezi wa tisa, hewa ya Lubumbashi inapokauka kama biskuti, niliinua nyundo na kichwa kikabaki nyuma yangu: kiliruka, kikapiga ukuta karibu sana na mudogo wangu aliyekuwa anakula muhindi. Muti ulikuwa umepungua ndani ya jicho. Watu wengi wanaloweka nyundo ndani ya maji ili mupini uvimbe. Inakaza leo, lakini nyuzi zinabanwa na kuvunjika, na ukikauka tena ni legevu kuliko mbele. Kata muti sasa, ngoja kiangazi kipite juu yake, njo ufunge.

Neno la mwisho ni juu ya shaba, kwa maana mutaniuliza. Nyundo ya shaba haipigi pitoni, ni laini. Lakini kule juu ya El Capitan, mahali ambapo ufa hakuna, kuna mufereji mudogo tu usio na kina, wanatumia kipande cha shaba ao cha alumini kilichobanwa kwenye ncha ya waya. Wanakipigapiga kwa nyundo mpaka shaba inajaza mufereji na kushika jiwe kama ubani. Kinabeba uzito wa mutu, si zaidi. Akianguka, kinaweza kutoka. Sisi tunaokanyaga shaba kila siku tunaweza kukijaribu juu ya tofali.

Nyundo ya tatu ingali bila mupini. Muti wa mubanga umelala juu ya mbao za paa kwa baba mukubwa tangu mwezi wa tano. Tutaufunga mwezi wa kumi, siku ya posho, mbele ya mvua. Mwenye kutaka kuona rangi aje na miwani yake.