Saa ya kupima pombe: Itakuambia ukiwa umeshafika Matunda

Wacha nikuulize. Mkitoka klabu usiku na mmoja wenu ana funguo ya gari au nduthi, swali la kwanza huwa gani? "Umekunywa ngapi?" ama "Karao wako wapi leo?" Jibu unalijua.

Tangu NTSA ilete Alcoblow mwishoni mwa 2013, tumezoea kuona kipimo cha pombe kama vita kati yetu na polisi. Mahakama ya Rufaa ilipoipiga breki mwaka wa 2017, kuna watu walisherehekea kama timu yao imeshinda ligi. Baadaye ikarudi barabarani, nasi tukarudi kwa mtindo wetu: kupigiana simu kuambiana kizuizi kiko wapi, tupitie njia ya ndani.

Sasa kuna kifaa kingine. Hiki hupulizi. Unakivaa.

Marekani walianza na bangili ya mguuni iitwayo SCRAM, iliyoingia sokoni mwaka wa 2003. Inanusa jasho lako kila baada ya nusu saa, kisha inaripoti kwa wakubwa. Mwigizaji Lindsay Lohan aliamriwa na korti kuivaa mwaka wa 2010. Uingereza nao wanawafunga bangili kama hizo watu waliofanya makosa wakiwa walevi.

Halafu mwaka wa 2016, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza masuala ya pombe ilitoa zawadi ya dola 200,000 kwa kampuni ya BACtrack ya San Francisco. Walikuwa wametengeneza kifaa cha mkononi, kama saa, kinachotuma kipimo kwa simu yako. Hapa hakuna korti wala karao. Ni wewe na namba yako.

Poa sana, sivyo? Ngoja kwanza.

Ukinywa, sehemu kubwa ya pombe inavunjwavunjwa na ini. Kiasi kidogo sana, karibu asilimia 1, hutokea kwa ngozi. Hicho ndicho kifaa kinasoma. Lakini pombe huchukua muda kutoka kwa damu hadi kwa jasho: nusu saa, saa moja, wakati mwingine zaidi. Kwa hivyo namba unayoiona ni habari ya jana, tuseme hivyo.

Sasa ilete hapa Moi's Bridge. Umemaliza chupa ya mwisho, umeangalia mkono, namba iko chini, umewasha nduthi. Kufikia wakati saa inakuambia umelewa, umeshafika Matunda. Ama hukufika. Hii ni barabara ya Kitale kwenda Eldoret, na msimu wa mavuno imejaa malori na trekta za mahindi, nyingine hazina hata taa ya nyuma. Na ni msimu huo huo ambapo pesa ya mahindi inaingia na meza zinajaa chupa.

Kuna hesabu ambayo haihitaji kifaa. Bia ya nusu lita yenye kileo asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Mwili wa kawaida unaondoa kama gramu 8 hadi 10 kwa saa. Kwa hivyo chupa moja ni saa mbili hivi au zaidi. Ukianza saa moja jioni na ukanywa sita, unaweza kufika saa nne asubuhi ikiwa bado imo. Yaani yule dereva aliyelala kidogo, akaoga, akapiga chai na kushika usukani saa kumi na mbili, bado amelewa. Supu haiharakishi ini. Kahawa pia haisaidii. Dawa ni saa tu.

Kwa chang'aa, hesabu hiyo inakufa hapo hapo. Glasi haina lebo, hujui nguvu yake, na kama imechanganywa na methanoli, hatari si ulevi tena. Ni macho na maisha. Usitarajie saa ya mkononi ikuonye kuhusu hiyo.

Sisemi hivi vifaa ni bure. Kwa mtu anayejaribu kupunguza, kuona rekodi ya wiki nzima kunaweza kumfungua macho. Lakini uamuzi wa kuendesha haufai kungoja namba. Ufanye kabla ya chupa ya kwanza, ukiwa na akili zako: funguo inabaki na nani, unalala wapi, nani hanywi leo.

Na kama wewe ni abiria, pua yako ina kasi kuliko jasho la mtu yeyote. Mtu wa boda akinuka, shuka. Akikasirika, akasirike. Mwambie, "Buda, leo natembea," kisha utafute mwingine.