Japani na Brazili: Urafiki Uliopandwa kwa Jembe

Mtu akitazama ramani ya dunia ataona kwamba nchi za Japani na Brazili zimepeana migongo. Jua linapotua Tokyo, ndipo linapochomoza São Paulo. Watu wa nchi hizi hawakuwa na lugha moja, wala dini moja, wala chakula kimoja. Walakini, nje ya Japani yenyewe, hakuna nchi duniani yenye watu wengi wa asili ya Kijapani kuliko Brazili. Hukadiriwa kuwa milioni 2 au zaidi. Jambo hili halikufanywa na mabalozi peke yao. Lilifanywa hasa na wakulima, na kisa chao chafaa kujulikana na kila mtu atiaye sahihi mkataba wa kazi au ajiungaye na chama cha ushirika.

HAJA YA KILA UPANDE

Mkataba wa kwanza wa urafiki na biashara baina ya nchi hizi mbili ulitiwa sahihi mjini Paris tarehe 5 Novemba 1895. Lakini kwa muda wa miaka zaidi ya kumi mkataba huo haukuzaa matunda mengi. Kilichoutia uhai ni haja.

Brazili ilikomesha utumwa katika mwaka wa 1888, na wenye mashamba makubwa ya kahawa katika jimbo la São Paulo wakapungukiwa na watu wa kazi. Waliwaleta Wataliano kwa maelfu. Hata hivyo, mwaka wa 1902 serikali ya Italia, iliposikia jinsi raia wake walivyotendewa huko mashambani, ilikataza watu wake wasichukuliwe tena kwa nauli ya kulipiwa.

Japani nayo ilikuwa na watu wengi na ardhi haba. Ilikuwa imetoka katika vita na Urusi vya 1904 na 1905, na kodi zilikuwa nzito kwa watu wa vijijini. Tena Marekani, walikokwenda Wajapani wengi kutafuta kazi, ilikuwa imeanza kuwafungia mlango. Basi mmoja alikuwa na shamba lakini hana mikono. Mwenziwe alikuwa na mikono lakini hana shamba.

AHADI NA UKWELI

Tarehe 28 Aprili 1908 meli iitwayo Kasato Maru iling'oa nanga katika bandari ya Kobe, na tarehe 18 Juni ikafika Santos. Ndani yake walikuwamo watu 781 waliofungwa na mkataba wa kazi. Mkataba ulitaka watu waje kwa jamaa, kila jamaa iwe na watu watatu au zaidi wawezao kufanya kazi. Kwa hiyo watu wengine waliunda jamaa kwa karatasi tu, mtu akaandikwa ndugu wa mtu asiyemjua. Karibu wote walikusudia kukaa miaka michache, kuweka akiba na kurudi kwao.

Mawakala walikuwa wamewaambia kwamba kahawa ni mti uzaao dhahabu. Walipofika waliona mambo mengine. Walilipwa kwa kadiri ya magunia waliyochuma, na mavuno ya mwaka ule hayakuwa kama walivyoahidiwa. Vyakula walivinunua kwa mkopo katika duka la mwenye shamba, kwa bei aliyoipanga yeye mwenyewe. Wakalimani walikuwa wachache mno, hata malalamiko yao hayakufika mbali. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na deni siku ya pili.

Kosa halikuwa la upande mmoja. Mawakala walitia chumvi maneno yao ili meli ijae. Wenye mashamba walikuwa bado na desturi za siku za utumwa. Nao wafanya kazi walitia sahihi bila kuuliza bei ya chakula wala hali ya mashamba. Kabla ya miaka miwili kupita, walio wengi walikuwa wamekwisha yaacha mashamba yale ya kwanza, wengine kwa kutoroka usiku.

KUTOKA KIBARUA HATA MWENYE SHAMBA

Waliobaki nchini hawakukata tamaa. Walikusanya fedha kidogo kidogo, wakakodi ardhi, wakafyeka misitu, na hatimaye wakanunua mashamba yao wenyewe. Walilima mpunga, pamba, viazi, mboga na chai. Wengine waliwafuata, na tangu mwaka wa 1908 hata 1941 walikuwa wameingia Brazili Wajapani wapatao 190,000.

Taabu yao kubwa ilikuwa soko. Wakulima wa viazi wa Cotia, karibu na mji wa São Paulo, waliona kwamba kila mtu akipeleka magunia yake peke yake, mchuuzi ndiye apangaye bei. Kwa hiyo katika mwaka wa 1927 walianzisha chama cha ushirika chini ya uongozi wa Kenkichi Shimomoto. Walinunua mbolea pamoja, wakaweka mazao pamoja, na kuuza pamoja. Chama kikakua, kikapokea wanachama wasio Wajapani, kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Amerika ya Kusini. Kilivunjwa mwaka wa 1994, baada ya kulemewa na madeni. Umoja uliwapa wakulima wale nguvu, lakini nguvu hiyo haikutosha madeni yalipozidi mapato.

Katika jimbo la Pará, huko kwenye misitu ya Amazon, Wajapani walifika Tomé-Açu mwaka wa 1929. Malaria iliwaua wengi na wengine wakahama. Mwaka wa 1933 waliletewa miche michache ya pilipili manga kutoka Singapore, na baada ya Vita Kuu ya Pili zao hilo likawatajirisha. Baadaye ugonjwa ukaingia mizizini na kuiangamiza mipilipili. Hapo ndipo walipojifunza kutotegemea zao moja. Wakachanganya kakao, matunda na miti ya mbao katika shamba moja.

URAFIKI WAJARIBIWA

Katiba ya Brazili ya mwaka wa 1934 iliweka kipimo cha wageni wawezao kuingia kila mwaka, na Wajapani ndio walioumizwa zaidi. Kisha shule zao zilifungwa, na magazeti yao yakakatazwa. Januari 1942 Brazili ilivunja uhusiano na Japani kwa sababu ya vita, na Julai 1943 Wajapani wa Santos walifukuzwa pwani kwa muda wa saa 24 tu.

Kwa kuwa hawakuwa na gazeti la kusoma, wengi walikataa kuamini mwaka wa 1945 kwamba Japani imeshindwa. Wale walioamini wakaitwa wasaliti, na Wajapani wakauana wenyewe kwa wenyewe; zaidi ya watu ishirini walikufa. Ndiyo hatari ya kuwanyima watu habari za kweli. Julai 2024 tume ya serikali ya Brazili iliomba radhi kwa mateso ya siku zile.

BIASHARA YARUDI

Uhusiano ulirudishwa mwaka wa 1952. Wajapani walitia mtaji na ufundi katika kiwanda cha chuma cha Usiminas, kilichoanza kazi mwaka wa 1962, nayo Brazili ikawauzia madini ya chuma. Mwaka wa 1973 Marekani ilipozuia soya isitoke nchini mwake, Japani iliona hatari ya kutegemea muuzaji mmoja. Kwa hiyo, tangu 1979 hata 2001, nchi hizi mbili zilishirikiana kulima nyika za Cerrado, ambazo udongo wake mkali ulitengenezwa kwa chokaa. Soya ilistawi sana, ijapokuwa nyika nyingi za asili zilipotea.

Katika michezo, Mitsuyo Maeda alifika Brazili mwaka wa 1914 akafundisha mieleka ya Kijapani, na Wabrazili wakaifanya yao. Naye Zico, mchezaji hodari wa mpira, alikwenda Japani mwaka wa 1991, na baadaye akaifundisha timu ya taifa.

Kisha safari ikageuka. Sheria ya Japani ya mwaka wa 1990 iliwaruhusu wajukuu wa wale wahamiaji kuja kufanya kazi viwandani, na kufikia 2007 walikuwa zaidi ya 300,000. Watoto wao wengi walipata taabu shuleni kwa kutojua Kijapani, kama babu zao walivyotaabika kwa kutojua Kireno. Kazi zilipopungua, mwaka wa 2009 serikali ya Japani iliwalipia nauli waliotaka kurudi Brazili, kwa sharti kwamba wasirejee kwa kibali kile kile. Safari hii wengi walisoma sharti hilo kwanza, wakakataa fedha, wakabaki.