Mama mjasiriamali aijue simu yake mwenyewe

Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, wengi waliiona kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani tu. Utafiti wa wachumi Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa huduma hiyo iliwawezesha wanawake 185,000 kutoka kwenye kilimo na kufanya biashara kuwa shughuli yao kuu.

Hata hivyo, mama asiyejua kuitumia simu hulazimika kumtajia mwingine namba yake ya siri. Fedha za mboga zikichotwa, mtaji umekwenda. Hivyo mafunzo yaanzie hapo: kutazama salio, kusoma ujumbe wa malipo na kutunza siri. Simu ya kawaida, isiyo na intaneti, inatosha.