UKUTA WA MOTO UNAPOKATA INTANETI YA KOMPYUTA: USIUZIME, TAFUTA CHANZO

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Maombi ya ajira, mikopo ya elimu ya juu, usajili wa biashara, ulipaji wa kodi na zabuni hufanyika kupitia mifumo ya kielektroniki, na mara nyingi huwa na tarehe ya mwisho. Kwa mwananchi wa Tosamaganga, katika Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, intaneti inayokatika kila mara yaweza kumaanisha fomu isiyotumwa, au nauli ya kwenda Iringa mjini ambayo hakuipangia.

Miongoni mwa vyanzo vya tatizo hilo ni ukuta wa moto wa kompyuta yenyewe. Watumiaji wengi wakilibaini hilo huuzima ukuta na kuendelea na shughuli zao. Uamuzi huo hurejesha intaneti, lakini huiacha kompyuta wazi. Makala haya yanaeleza namna ya kubaini chanzo na kukirekebisha bila kuondoa kinga.

Kazi ya ukuta wa moto

Ukuta wa moto ni programu au kifaa kinachokagua taarifa zinazoingia na kutoka kwenye kompyuta, kisha kuamua kwa kufuata kanuni zipi zipite na zipi zizuiwe. Jina lake limetokana na ukuta unaojengwa ndani ya jengo ili moto ukianza upande mmoja usivuke upande wa pili. Tangu mwaka 2004, Windows imekuwa ikitolewa ukuta huo ukiwa tayari umewashwa.

Umuhimu wake ulidhihirika tarehe 12 Mei, 2017, kirusi cha WannaCry kilipoanza kusambaa duniani. Kilivuka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mlango wa mtandao namba 445, unaotumika kushirikiana mafaili, bila mtumiaji kubofya chochote. Kilifunga mafaili na kudai malipo. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Kompyuta ambayo ukuta wake ulikuwa umeuziba mlango huo haikufikiwa kwa njia hiyo. Katika eneo kama Tosamaganga, lenye hospitali na shule, kompyuta moja isiyo na kinga inaweza kuwa njia ya kuzifikia nyingine zote zinazotumia mtandao uleule.

Hatua ya kwanza: hakikisha kosa ni la kompyuta

Unganisha simu kwenye Wi-Fi ileile. Simu nayo ikikosa intaneti, ukuta wa kompyuta hauhusiki. Kagua ruta, umeme, salio la kifurushi au wasiliana na mtoa huduma. Wakati mwingine chanzo huwa mbali zaidi. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, huduma ya intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo, hakuna mpangilio wa kompyuta utakaosaidia.

Simu ikipata intaneti na kompyuta ikakosa, tazama alama ya Wi-Fi. Alama ikipotea kabisa, shuku umbali kutoka kwenye ruta, au mpangilio wa kuokoa betri unaozima kifaa cha Wi-Fi. Alama ikibaki huku kurasa hazifunguki, ukuta wa moto ni mshukiwa wa karibu.

Hatua ya pili: soma anwani ya kompyuta

Kompyuta haimiliki anwani yake ya mtandao. Huazimwa na ruta kwa muda maalumu. Nusu ya muda huo inapofika, kompyuta huomba kuongezewa. Mazungumzo hayo hupitia milango namba 67 na 68. Ukuta ukiizuia, kompyuta huendelea vizuri hadi muda wa azimo unapokwisha, kisha hupoteza intaneti. Ndiyo sababu baadhi ya watumiaji huona mtandao ukikatika kwa vipindi vinavyolingana.

Kuthibitisha, fungua dirisha la amri la Windows mtandao ukiwa umekatika, andika ipconfig na usome anwani inayoonekana. Ikianza na 169.254, kompyuta imekosa jibu la ruta na imejipa anwani yenyewe. Anwani ikiwa ya kawaida lakini tovuti hazifunguki kwa majina, huenda kilichozuiwa ni mlango namba 53, unaotumika kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba.

Hatua ya tatu: ondoa mgongano

Kanuni za awali za Windows huruhusu mawasiliano hayo yote. Yakizuiwa, mara nyingi kuna programu ya pili ya ulinzi iliyokuja na ukuta wake, au kanuni zilibadilishwa. Kompyuta inahitaji ukuta mmoja unaofanya kazi ipasavyo. Chagua mmoja, kisha ondoa programu ya pili kwa utaratibu wa kawaida na uwashe kompyuta upya. Tatizo likiendelea, rejesha kanuni za awali za ukuta uliobaki na usasishe Windows pamoja na programu ya kuendesha kifaa cha Wi-Fi.

Wapo wanaobadili mtandao kutoka kundi la umma kwenda kundi binafsi wakitarajia nafuu. Katika mpangilio wa awali, kundi la umma halizuii kufungua tovuti. Huificha kompyuta dhidi ya nyingine zilizo karibu. Kwenye Wi-Fi ya hoteli, stendi au chuo, liache kama lilivyo.

Jaribio la kuzima

Iwapo ni lazima kuthibitisha, ukuta unaweza kuzimwa kwa dakika chache kwenye mtandao wa nyumbani unaouamini, bila kufungua barua pepe wala kupakua faili. Jaribu tovuti moja, kisha uwashe ukuta mara moja. Intaneti ikirejea wakati wa jaribio, umepata chanzo, na tiba ni kurekebisha kanuni iliyokosewa.

Kompyuta za ofisi

Mtumishi wa umma, muuguzi au mwalimu anayetumia kompyuta ya taasisi asibadili mpangilio wa ukuta mwenyewe. Amweleze Afisa TEHAMA saa ambayo mtandao ulikatika, anwani iliyoonekana na programu iliyowekwa karibuni. Taarifa hizo tatu hufupisha kazi ya kutafuta kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kulinda taarifa za watu zinazozitunza, na faili la mgonjwa au la mwanafunzi ni miongoni mwa taarifa hizo.

Wananchi wanakumbushwa kutosubiri siku ya mwisho kutuma maombi yao, ili hitilafu ya mtandao ikitokea, uwepo muda wa kutafuta chanzo chake badala ya kuzima kinga kwa haraka.