Gari moshi la mtoto: rangi ipendezayo na rangi iliyo salama

Mkoa wetu wa Kigoma una uhusiano wa siku nyingi na gari moshi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Wazee wengi wa Buha waliteremka kwa miguu kutoka nyanda za juu hadi stesheni, wakapanda mabehewa kwenda kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Vichwa vya treni vya mvuke vimekwishastaafu, na Muyama haipitiwi na reli. Hata hivyo watoto wetu bado wanaunda magari moshi kwa makopo ya maziwa, vipande vya bati na vifuniko vya chupa.

Kazi hii ni njema. Humfundisha mtoto subira, vipimo na matumizi mazuri ya mikono. Kwa upande wa dini, haina shaka inayowatia wazazi wasiwasi: kilichokatazwa katika uchongaji na uchoraji ni sura za viumbe wenye roho, na Ibn Abbas (RA) alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya uchoraji ashike miti na vitu visivyo na roho. Gari moshi limo katika fungu hilo.

Lililo zito ni jingine, nalo limo ndani ya kopo la rangi. Tangu zamani, baadhi ya rangi za mafuta zimetiwa madini ya risasi ili zing'are, zikauke upesi na zidumu. Rangi za njano, nyekundu na ya machungwa ndizo zilizojulikana zaidi kwa jambo hilo, na ndizo hasa ambazo mtoto huzitaka kwa gari lake. Mtoto mdogo hucheza, kisha hutia kidole au kichezeo kinywani. Risasi ikiingia mwilini huharibu ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza, na madhara yake hayarudishwi kwa dawa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla ya kuuliza rangi ipi inapendeza, soma kopo. Nunua lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji, alama ya Shirika la Viwango Tanzania na maelezo kuwa halina risasi. Epuka rangi iliyopimwa kwenye chupa isiyo na maandishi, na masalia ya kopo la zamani lililosahauliwa stoo, hata ukipewa bure. Usimpe mtoto kazi ya kukwangua rangi kuukuu kwenye mlango au bati, kwani vumbi lake ndilo hatari zaidi. Lehemu nyingi za kuungia bati nazo zina risasi. Afadhali vipande viunganishwe kwa waya au kwa kukunjwa. Sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenzake, na mtoto ni amana.

Hapo ndipo tuingie katika uzuri. Anayetaka mfano wa kufuata atazame vichwa vikubwa vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vichwa 34 vya daraja la 59, vilivyoundwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, vilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimojawapo, namba 5918, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kinaitwa Mount Gelai, kwa jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Kwa kawaida sehemu ya mbele inayokusanya moshi, pamoja na bomba lake, hupakwa rangi nyeusi, kwa kuwa joto na masizi huharibu rangi nyingine.

Rangi ya kitu kikubwa ikihamishiwa kwenye kitu kidogo huonekana nzito zaidi. Ongeza tone la rangi hafifu ndani ya damu ya mzee, hasa kama gari litakaa ndani ya nyumba. Mng'ao mkali nao huonyesha kila kasoro ya bati. Rangi yenye mng'ao wa wastani huficha mengi.

Katika upakaji, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya brashi kuguswa. Osha bati kwa maji na sabuni, likauke kabisa, kisha lipitishe msasa laini ili rangi ipate pa kushika. Futa vumbi, na baada ya hapo usiguse uso wake kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huifanya rangi ibanduke. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, tabaka moja jembamba. Ikikauka, anza na rangi nyepesi, umalizie na nzito. Matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likiachwa siku nzima, ni bora kuliko moja nene litakalochuruzika na kufunika misumari na mikunjo uliyoihangaikia.

Anayetumia kopo la kupuliza alishike umbali wa sentimita 25 hivi, aanze kupuliza kabla ya kulifikia gari na aache baada ya kulipita. Afanye hivyo nje, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, watoto wakiwa mbali. Asipulize rangi kali juu ya rangi ya mafuta bila kujaribu kwanza kwenye kipande kingine, kwa sababu ya chini inaweza kukunjamana. Huku kwetu kwenye ukungu na mvua, subiri siku kavu: unyevunyevu huifanya rangi ififie na ichelewe kukauka. Magurudumu yaachwe wazi pale yanapogusa ardhi, na ekseli zisipakwe, ili gari litembee.

Gari likiisha kukauka vizuri, mpe mtoto, na umzoeshe kunawa mikono kabla ya kula. Allah (SW) atuwafikishe kuwalea kwa ihsani. Amin.