Je, Wajua? Wamarekani na Fedha za Serikali Yao

Je, wajua kwamba Wamarekani wengi hulalamika kuwa serikali yao kuu hutumia fedha kupita kiasi, lakini ukiwatajia eneo moja la matumizi baada ya jingine hawataki liguswe? Mwaka 2013 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza kuhusu maeneo 19 ya matumizi. Katika maeneo 18, walio wengi walitaka fedha ziongezwe au zibaki zilivyo.

La 19? Misaada kwa maskini wa nchi nyingine. Kura za maoni za miaka mingi zinaonyesha wananchi wakikisia kwamba misaada ya nje humeza kama robo ya bajeti. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi ilikuwa karibu asilimia 1 tu, na humo humo ndimo zilimotoka dawa za ARV zilizofika Tanzania, Kenya na Uganda kupitia PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa 2003.

Je, wajua hundi ya kwanza ya kila mwezi ya Social Security, pensheni iliyoasisiwa na Rais Franklin Roosevelt 1935, ilitolewa Januari 1940? Mpokeaji, Ida May Fuller wa Vermont, alikuwa amekatwa kwenye mshahara dola 24.75 kwa jumla. Akaishi miaka 100, akavuna zaidi ya dola 22,000. Huyo nani angemshawishi kwamba mpango ule ni hasara?

Je, wajua kwamba katika utafiti wa 2008 wa mtaalamu wa siasa Suzanne Mettler, asilimia 44 ya waliopokea Social Security walisema hawajawahi kutumia mpango wowote wa serikali? Tusiwacheke sana. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara, mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Uzeeni mtu huona anarudishiwa chake.

Na je, wajua yaliyomkuta mbunge Dan Rostenkowski? Mwaka 1988 Bunge lilipanua bima ya afya ya wazee, Medicare, kwa sharti kwamba wazee wenyewe ndio wagharamie, wenye kipato kikubwa wakilipa zaidi. Agosti 1989 wazee wa Chicago waliochukizwa na sharti hilo walimzomea, wakalizingira gari lake, bibi mmoja akapanda juu ya boneti. Mheshimiwa, mwenyekiti wa kamati ya kodi, akashuka na kutimua mbio. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likaifuta sheria hiyo.