Jiko la nyama lenye kutu: likague kabla ya kulitupa

Lile jiko la duara lenye mfuniko, lililoachwa uani likinyeshewa tangu sikukuu za mwaka juzi, huenda bado lina maisha. Majiko ya aina hiyo yalianzia Marekani mwaka 1952, pale George Stephen, fundi wa kiwanda cha vyuma Chicago, alipokata boya la chuma katikati akapata bakuli na kifuniko chake. Chuma chake hupakwa kauri, na kutu huanzia pale kauri ilipobanduka.

Anza na bakuli. Mwaga majivu yote (yakilowa ndiyo hasa yanayokula chuma), kisha dunga sehemu ya chini kwa ncha ya bisibisi. Ikigoma, endelea. Ikipenya, usijidanganye: siku moja mkaa wa moto utaangukia miguu ya mtoto. Liuze chuma chakavu.

Maganda meusi yanayoning'inia ndani ya mfuniko mara nyingi si rangi. Ni moshi na mafuta yaliyogandamana; yakwangue kwa mwiko wa zamani.

Wavu ndio wenye maneno. Kutu ya juu juu hutoka ukiulaza kwenye siki usiku kucha, ukausugua na kuusuuza. Ila brashi ya waya, mimi ningeiacha kabisa. Nyuzi zake hukatika, hunasa kwenye wavu, huingia kwenye nyama, na wapo waliofanyiwa upasuaji baada ya kuzimeza. Wavu ulioliwa sana ubadilishe. Hapo fundi anaweza kukupa wa waya uliopakwa zinki, unang'aa na bei yake nafuu. Kataa. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Mwambie akuchomelee nondo tupu au, mfuko ukiruhusu, chuma kisichoshika kutu.

Rangi ya kuhimili joto ni ya nje tu. Ndani paka mafuta ya kula, kidogo sana, kisha washa mkaa saa moja hivi bila nyama, matundu ya hewa yakiwa wazi. Fanya hivyo nje, hata kukiwa na manyunyu: mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na jiko lililoingizwa ndani limeshaua familia zikiwa zimelala.

Ukimaliza, funga mfuniko na matundu. Majivu yasiguswe hadi kesho yake. Kaa lililofukiwa hukaa na moto saa nyingi, na watoto kwa kuchokoa hawana mpinzani.